Mtoto na Jitu Aliyetengwa: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwaandikia Watoto

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, amua jitu lako limefukuzwa na nani, na kwa kosa gani. Wengi wanaoanza kuandika hadithi ya namna hii huliruka swali hilo. Wanatuambia jitu liliishi peke yake msituni, lilikuwa na huzuni, mtoto akatokea, huzuni ikaisha. Msomaji wa miaka minane hatakuachia. Atataka kujua wenzake wako wapi, lilifanya nini hata likatengwa, na kama waliolitenga walikuwa na haki. Usipokuwa na majibu, urafiki unaofuata utakuwa mwepesi, maana hatujui mtoto ameleta kitu gani ambacho jitu hilo lilikuwa limenyimwa na ulimwengu mzima.

Somo bora ninalolijua liko katika The BFG ya Roald Dahl, iliyotoka Uingereza mwaka 1982 ikiwa na michoro ya Quentin Blake. Jitu wa hadithi hiyo anaishi katika nchi ya majitu pamoja na wengine tisa. Hao tisa hutoka kila usiku kwenda kula watu. Yeye hataki. Na kwa kuwa hataki kula watu, wala hataki kuwaibia watu mazao yao, amebaki na mboga moja tu inayoota katika nchi ile kame, mboga ya kuchukiza mfano wa tango. Hiyo ndiyo inayomlisha asubuhi na jioni. Kosa lake linaonekana kila anapokaa kula, na Dahl hana haja ya kutuhubiria kwamba huyu ni mwema. Wenzake wamemzidi kimo karibu maradufu, humdharau kwa ufupi wake, na humrusha huku na huku wakimfanya mpira wao. Upande wa pili wako binadamu: wakimwona watamkamata wamfungie pamoja na wanyama, watu walipe kiingilio kumtazama. Ametengwa na pande zote mbili, na kila upande una sababu yake.

Andika basi, kwenye karatasi ya kando, kanuni ambayo jitu lako limeivunja. Iwe kanuni moja, na iwe inaligharimu kitu kila siku: chakula, usingizi, maji, kivuli. Huenda majitu ya mlima wako huzuia mto usiwafikie watu, na hili lako hufungua mfereji usiku. Huenda halikufukuzwa na majitu kamwe, limejifungia lenyewe, kama lile la Oscar Wilde katika The Selfish Giant ya mwaka 1888, lililojenga ukuta kuwazuia watoto wasicheze bustanini mwake, na majira ya baridi yakagoma kuondoka ndani ya ukuta huo. Hapo aliyetenga na aliyetengwa ni mmoja, na kazi ya mtoto inakuwa tofauti kabisa.

Hofu isiharakishwe

Mkutano wa kwanza ndipo hadithi nyingi zinapovunjika. Mtoto anakutana na kiumbe mrefu kuliko nyumba, na kufikia ukurasa wa tatu wanacheka pamoja. Mwache mtoto aogope kwelikweli. Sophie wa Dahl, yatima anayelala katika nyumba ya yatima, anachungulia dirishani usiku wa manane na kuliona jitu barabarani. Anajificha kitandani, mkono unaingia dirishani, anachukuliwa pamoja na blanketi. Anaamini ataliwa, na mwandishi anamwacha aamini hivyo kwa kurasa kadhaa. Jitu naye anaogopa: amemchukua kwa sababu mtoto amemwona, na mtoto aliyeona atasema. Urafiki wao unaanza na watu wawili wanaoogopana.

Hapa tuna urithi wetu wa kutusaidia. Anayekua katika ngano za Afrika Mashariki analijua zimwi lililomtia mtoto ndani ya ngoma, likazunguka nayo kijiji hadi kijiji likiipiga, mtoto akiimba ndani, hadi wazazi wake wakaitambua sauti. Msomaji wako huenda anakuja kwenye hadithi yako akiwa na zimwi hilo kichwani. Usimwambie alisahau. Mtumie. Mtoto wa hadithi yako naye awe ameisikia ngano hiyo kwa bibi yake, aanze kuitafuta ngoma pangoni, aone chombo kikubwa cha ngozi gizani na moyo umwende mbio. Baadaye atakuta ni kiriba cha maji. Na wakishakuwa marafiki, hofu isiishe yote. Wazee wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na methali hiyo inakubali kwamba hata linalokujua lina meno. Jitu linalompenda mtoto bado laweza kumvunja mbavu kwa kupiga chafya.

Tahadhari nyingine: usitegemee usafi wa moyo wa mtoto peke yake. Mary Shelley alilijaribu wazo hilo katika Frankenstein mwaka 1818. Kiumbe wake, mwenye urefu wa futi 8 hivi na aliyekimbiwa na kila mtu, anakutana na mvulana mdogo na kufikiri kwamba mtoto hajafundishwa bado kuchukia sura. Anamshika amfanye mwenziwe. Mtoto anapiga kelele, anamtukana, na mkutano unaishia kwa kifo cha mtoto. Si hadithi ya kumsomea mtoto, lakini mwandishi aisome, imkumbushe kwamba mtoto naye amelelewa na watu wenye chuki zao. Mtoto wako anahitaji sababu ya kubaki na jitu baada ya hofu. Udadisi unatosha, ukiuonyesha kwa vitendo. Deni linatosha pia: jitu limemwokoa, au yeye amelitendea jitu ubaya na roho inamsuta. Katika The Iron Man ya Ted Hughes, ya mwaka 1968, mvulana Hogarth ndiye anayemvuta jitu wa chuma hadi shimoni, wakulima wakamfukia. Baadaye, jitu akitoka tena, Hogarth huyohuyo ndiye anayebuni kumpa uwanja wa vyuma chakavu ale ashibe, aache matrekta ya watu. Napenda sana mpangilio huo, kwa sababu wema wa mtoto umepitia kwenye hatia.

Pima jitu lako

Sehemu hii nitaikalia, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha hadithi inayoaminika na isiyoaminika, na haihitaji kipaji, inahitaji hesabu.

Chagua kimo na usikibadili. Jitu wa Dahl ana futi 24, yaani mita 7 na ushei. Kimo hicho ni sawa na nyumba ya ghorofa moja juu, na bado jitu kama hilo lingepita chini ya makuti ya mnazi mrefu bila kuinama, kwa maana mnazi mkongwe hufika mita 25. Mtu mzima wa mita 1.75 akikuzwa mara nne anafikia mita 7. Hatua yake ya sentimita 75 inakuwa mita 3. Lakini uzito haukui mara nne. Urefu umekua mara nne, upana mara nne, unene mara nne, kwa hiyo uzito umepanda mara 64. Mtu wa kilo 70 anakuwa jitu la kilo 4,480, uzito wa tembo. Litaacha nyayo kwenye matope, litavunja daraja la mbao, halitapanda mtumbwi. Ukiandika kwamba lilipita bustanini usiku na asubuhi hakuna aliyejua, lazima utueleze lilifanyaje.

Kuna jambo la pili ambalo Galileo alilieleza mwaka 1638. Uzito ukipanda mara 64, ukubwa wa mfupa uliokatwa katikati unapanda mara 16 tu. Mifupa ya jitu inabeba mzigo mara nne zaidi ya ile ya kwetu kwa kila sentimita ya mraba. Sayansi hii si lazima uifuate, hii ni hadithi, ila itakupa mali bure: jitu linaloumwa magoti. Jitu lisilopenda kuteremka milima. Jitu ambalo, likianguka, haliinuki bila msaada. Hapo mtoto anapata kazi ya kufanya, hata kama ni kuchungulia njia mbele na kusema wapi pana utelezi.

Kisha jiulize kuhusu chakula. Tembo mkubwa huweza kula hadi kilo 150 za majani kwa siku. Jitu lako linapata wapi chakula kama hicho bila shamba la mtu kuonekana limeliwa? Linakunywa wapi wakati wa kiangazi? Linajisaidia wapi? Watoto watauliza hilo la mwisho kabla ya mengine yote, na Dahl aliwajua: aliwatengenezea kinywaji ambacho viputo vyake hushuka chini badala ya kupanda, na matokeo yake ni ya kelele kubwa, hata mbele ya Malkia wa Uingereza.

Mwisho wa hesabu, amua mtoto atakaa wapi. Jitu likisimama, kichwa chake kiko mita 7 juu, na mtoto aliye chini hawezi kuzungumza naye bila kupaza sauti. Dahl alimpa jitu wake masikio makubwa ajabu, yanayosikia hata vitu visivyosikika, na Sophie anasafiri ndani ya sikio. Wako anaweza kukaa mfukoni, begani, kwenye ukosi wa shuka. Popote utakapoamua, kumbuka upepo, kumbuka baridi, kumbuka atashikilia nini. Na jitu likiingia katika nyumba ya watu, tumia vitu vya nyumba hiyo kutupa kipimo. Katika jumba la Malkia, watumishi walipaswa kumwandalia mgeni kifungua kinywa: wakapanga saa nne ndefu za kusimama sakafuni, wakaweka meza ya pingpong juu ya saa hizo ikawa meza ya kulia, na kabati la droo juu ya piano likawa kiti. Kimo kinaonekana bila nambari hata moja. Fanya zoezi hilo kwa nyumba ya hadithi yako. Jitu limealikwa kijijini kunywa chai. Umiza kichwa: ni kitu gani kitakuwa kikombe?

Sauti ya jitu

Jitu aliyekua bila shule wala wa kuzungumza naye hawezi kusema kama mtangazaji wa redio. Atakuwa na maneno aliyoyaokota, mengine akayageuza. Tengeneza lugha yake kwa kanuni ndogo: labda kila kitu kidogo kwake ni cha ki- na vi-, hivyo watu ni "vitu" na ng'ombe ni "king'ombe", labda hutumia maneno ya watu aliowasikia kwa mbali usiku, akakosea maana. Weka kanuni mbili au tatu, uzifuate kitabu kizima.

Nakusihi jambo moja, na ninalisisitiza kwa moyo wote: usimpe jitu lafudhi ya kabila la jirani, wala kigugumizi, wala namna ya kusema ya mtu mwenye ulemavu, ili watoto wacheke. Utakuwa umeandika hadithi ya kutetea aliyetengwa huku ukimtenga msomaji wako aliyeketi dawati la nyuma. Vilevile sura. Katika kila darasa yupo aliyewazidi wenzake kimo na anatembea akiinama. Yeye ndiye atakayekisoma kitabu hiki mara tano.

Kiswahili kinakupa pia chombo ambacho Dahl hakuwa nacho. Jitu linaweza kwenda na upatanisho wa li-, na linaweza kwenda na a- kama mtu. Anza hadithi na "jitu lilisimama, likanusa hewa". Endelea hivyo maadamu mtoto anaogopa. Siku atakayojua jina lake, andika "jitu akacheka", na usirudi nyuma tena. Usimwelezee msomaji, sikio lake litasikia. Wanakijiji waache na "lile", "limekuja", "liueni" hadi mwisho, na mmoja wao, tuseme mwenye duka, siku moja ajikute amesema "amekuja". Utakuwa umeonyesha moyo uliogeuka kwa silabi moja.

Siri, na nani aambiwe

Hadithi nyingi za namna hii zimejengwa juu ya siri. Mtoto anajua jitu lilipo, watu wazima hawajui. Siri hiyo ndiyo silaha pekee ya mtoto dhidi ya kiumbe anayemzidi kwa kila kitu, na isipotikisika hadithi haina mvutano.

Pwani yetu ina kisa kizito kuliko vyote juu ya jambo hili. Fumo Liyongo, shujaa mwenye kimo cha jitu, alionewa wivu na Sultani wa Pate, akafungwa, akatoroka kwa tupa ambayo mama yake aliificha ndani ya mkate. Silaha za kawaida hazikumpata. Sultani akamtumia mwanawe Liyongo mwenyewe, akamwahidi kumwoza binti yake. Kijana akamuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua, na baba akamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Akamchoma akiwa usingizini. Liyongo akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikiweka kisa hicho katika utenzi mwaka 1913, na bado kinasomwa shuleni na vyuoni. Msome Liyongo kabla hujaandika sura yako ya kati. Mpe mtoto wako uwezo uleule: ajue jambo moja ambalo likisemwa jitu atakufa, na atokee mtu mwenye zawadi nzuri ya kumshawishi aseme.

Lakini kuna upande mwingine wa siri, na sisi tunaowaandikia watoto leo hatuna ruhusa ya kuufumbia macho. Mtu mzima, mkubwa, anamchukua mtoto usiku, anampa vitamu, anamwambia asimwambie mama. Kila mzazi anajua hatari ya maneno hayo. Hadithi yako isimfundishe mtoto kwamba rafiki mwema ni yule anayemtaka afiche. Kwa Dahl, Sophie ndiye anayekataa kuendelea kujificha. Anapojua majitu tisa yanaelekea Uingereza kula watoto, yeye ndiye anayebuni mpango wa kumpelekea Malkia ndoto ya mambo hayo, kisha Malkia akiamka amkute Sophie ameketi dirishani kuwa ushahidi. Jitu anaogopa, lakini anamfuata mtoto hadi kwenye nuru. Nakushauri ufanye vivyo hivyo: jitu lisiombe siri, mtoto aichague mwenyewe kwa kuogopa watu watamdhuru rafiki yake, na kabla ya theluthi ya mwisho awepo mtu mzima mmoja anayeaminika ambaye mtoto anamwambia. Bibi. Mwalimu. Nahodha wa jahazi. Mtu huyo asiimalize shida yeye. Jeshi la Malkia linakuja na helikopta na kamba, lakini jitu la kutisha kuliko yote linapozinduka, Sophie ndiye anayelichoma kifundoni kwa bruchi ya Malkia, likadhani limeumwa na nyoka.

Simulia kwanza, andika baadaye

Dahl hakuanza na karatasi. Jitu huyo anayepuliza ndoto madirishani alikuwa hadithi ya kulaza watoto wake, na inasimuliwa kwamba alipanda ngazi nje ya chumba chao akapitisha mwanzi pazia ili waamini. Mwaka 1975 alimweka katika Danny the Champion of the World, kama hadithi ambayo baba anamsimulia mwanawe, na miaka saba baadaye ndipo akampa kitabu chake. Kitabu hicho alikitabaruku kwa bintiye Olivia, aliyefariki mwaka 1962 akiwa na miaka saba, kwa ugonjwa wa surua uliopanda ubongoni. Na ukitaka kujua mwandishi huyu anatuhusu nini, aliwahi kuajiriwa na kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam, kuanzia 1938, akajifunza Kiswahili, kisha mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Ameyaeleza mwenyewe katika Going Solo.

Simulia basi kwa watoto ulio nao, usiku, bila daftari. Wanapokatiza, hapo pana shimo. Wanapokuomba urudie, hapo pana kitabu. Baada ya mara kadhaa utajua kipi kinabaki.

Kuhusu mchoraji, mpe vitu vya kushika mkononi. Katika rasimu za mwanzo jitu wa Dahl alivaa buti. Dahl hakuridhika, akamtumia Blake kiatu chake kikuukuu cha ndara kwa posta, na ndicho jitu anachovaa hadi leo. Barua ya kurasa kumi isingefanya kazi hiyo.

Sura ya mwisho ina mtego mmoja. Usimpunguze jitu kwa uchawi akawa mtu wa kawaida. Ukifanya hivyo umewapa haki waliomtenga: walikuwa sahihi, shida ilikuwa kimo chake. Abaki na mita zake 7. Jitu wa Dahl anajengewa nyumba ya kumtosha, anajifunza kusoma na kuandika vizuri, na mwishoni tunaambiwa kitabu tulichoshika ni yeye aliyekiandika. Anaweza pia kufa, kama lile la Wilde, iwapo una ujasiri wa kukaa na msomaji wako katika msiba huo. Anaweza kuondoka. Vyovyote iwavyo, tuonyeshe kilichobadilika kijijini kwa sababu aliishi humo: mlango uliopanuliwa, kisima kilichochimbwa mbali na barabara, kiti kikubwa kilichobaki uwanjani.

Rasimu ikiisha, wasomee kwa sauti watoto wasiokujua, wasio na sababu ya kukufurahisha. Wakiuliza jitu alikula nini usiku ule na huna jibu, rudi mezani ulitafute kabla ya kuupeleka mswada kwa mchapishaji.